Miguu Yangu, Cherehani na Chupa za Kuamsha Seli

Ndala ndiyo iliyonipa taarifa ya kwanza. Ilikuwa mwishoni mwa 2007, natoka sokoni Morogoro mjini na furushi la vitambaa kichwani, kijana wa mahindi ya kuchoma akanikimbilia kwa nyuma: "Mama, umeacha ndala yako huko!" Nikatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku, umejaa vumbi hadi kwenye kifundo, na sikujua umetembea hivyo tangu wapi. Tulicheka wote wawili. Nilipofika nyumbani sikucheka. Nilikaa kitandani nikaanza kujifinya vidole vya miguu, kimoja kimoja, na ilikuwa kama ninamfinya mtu mwingine.

Mimi ni fundi wa nguo. Wakati ule nilikuwa na cherehani ya kukanyaga niliyoachiwa na dada yangu. Watu wanadhani ufundi uko mikononi, lakini kwa cherehani ya kukanyaga uko miguuni. Unyayo ndio unaojua mwendo: kwenye kona ya kola punguza, kwenye mshono mrefu wa sketi achia. Mguu usiposikia chuma, mashine inakwenda inavyotaka yenyewe. Desemba ile, msimu wa nguo za sikukuu, niliharibu sare mbili za kwaya nikalipa kitambaa kutoka mfukoni mwangu.

Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Mguu ambao mchana hausikii mwiba, usiku unasikia hata uzito wa khanga. Nyayo ziliwaka kama nimekanyaga jivu la moto. Nilikuwa naweka beseni la maji kando ya kitanda, nikiamka nachovya miguu, nalala tena, naamka tena.

Nirudi nyuma kidogo. Nilianza dawa za kufubaza virusi vya ukimwi mwaka 2006 nikiwa na kilo 41. Tanzania ilikuwa imeanza mpango wa kitaifa wa matibabu mwishoni mwa 2004, kwa hiyo mimi ni wa kundi la mwanzomwanzo. Tulipewa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, ndani yake mkiwa na dawa 3: stavudini, lamivudini na nevirapini. Yeyote atakayekisema vibaya kidonge kile mbele yangu, lazima kwanza asikilize hili: kilinitoa kaburini. Ndani ya miezi 9 nilikuwa na kilo 62. Watu wa mtaani walioacha kunisalimia walianza kuleta nguo tena. Na kwa kuwa nilikuwa nimevuka kilo 60, nikahamishiwa kidonge chenye stavudini miligramu 40 badala ya 30. Nilifurahi kama mtoto aliyepandishwa darasa.

Kumbe 40 ile ndiyo iliyokuwa kali. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wote wapewe 30, awe mnene awe mwembamba, na mwaka 2009 likazishauri nchi ziachane kabisa na stavudini. Habari za aina hiyo husafiri polepole. Hadi zinanifikia mimi, mashavu yalikuwa yamebonyea, mishipa ya mikono imetokeza kama kamba, na makalio yamekwisha. Nilijishonea sketi zenye rinda nyingi nyuma ili zinisaidie kudanganya.

Katika kikundi chetu mmoja alilipa zaidi. Alikuwa mama mnene, mcheshi, ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo kliniki inapochelewa kufunguliwa. Alianza kutapika, akawa anahema kama mtu aliyekimbia, na tumbo linamuuma. Tukadhani malaria. Hakumaliza wiki mbili. Miaka mingi baadaye, nilipofundishwa dalili za asidi ya laktiki kuzidi mwilini, madhara mengine ya stavudini, niliandika orodha ile kwenye daftari nikamwona yeye mstari kwa mstari.

Aliyenieleza kilichokuwa kinatokea alikuwa mfamasia kijana wa kliniki, siku niliyobadilishiwa dawa mwaka 2009 na kuwekwa kwenye zidovudini. Tulimwita dokta, kama tunavyomwita kila mwenye koti jeupe. Alichukua boksi tupu la dawa, akaligeuza, akachora duara kubwa na ndani yake vijiduara kama mbegu za papai.

"Hivi vidogo, mama, ni mitokondria. Ni vinu. Chakula ulichokula na hewa uliyovuta vinakutana humu, ndipo nguvu ya mwili inaposagwa."

Akaniambia kwamba virusi vikitaka kuzaliana hunakili maandishi yao herufi kwa herufi, na stavudini hujifanya herufi mojawapo. Ikishajipenyeza kwenye mstari, mstari unaishia hapo. Ndivyo inavyovizuia virusi. Balaa ni kwamba mitokondria nazo zina maandishi yao wenyewe, jeni 37 tu, tofauti na yale makubwa yaliyoko katikati ya seli, na kimeng'enya kinachonakili maandishi hayo nacho hudanganyika na herufi ileile ya bandia. Mwezi kwa mwezi nakala zinapungua. Vinu vinazeeka bila warithi. Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazotoka mgongoni hadi kwenye vidole vya miguu, na seli yenye urefu huo inahitaji nguvu njia nzima. Ndiyo maana huanza ncha.

Kisha akasema jambo ambalo lilinichekesha katikati ya huzuni yangu: mitokondria mtu hurithi kwa mama yake peke yake. Mimi ni Mluguru. Kwetu ukoo unahesabiwa upande wa mama, na maisha yangu yote nimesikia wageni wakitushangaa. Nikamwambia, "Dokta, basi mwili mzima wa binadamu ni Mluguru."

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu maelezo yale yalikuwa ya kweli, na ukweli wake ndio ulioniponza.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inaelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, iliyosemekana kuponya, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya siku na siku. Ndugu zangu walinichangia nauli. Mimi nikajiona mjanja, mtu wa sayansi, niliyechorewa mitokondria kwenye boksi. Nauli ile sikupanda nayo gari. Nilinunulia chupa.

Aliyeniuzia alikuwa mwenzangu wa kikoba aliyejiunga na biashara ya mtandao, ile ya kuuza na kuandikisha wengine. Alikuja na kabrasha la picha za rangi. Akafungua ukurasa, na humo mlikuwa na duara kubwa lenye vijiduara ndani. Moyo ulinipiga. "Dada, seli zako zina njaa," akasema. "Vinu vyake vimezimika. Hiki kinaviamsha." Sikuhitaji kushawishiwa zaidi. Mchoro wa dokta na mchoro wa muuzaji ulikuwa mmoja, basi nikaona na dawa ni moja.

Chupa yenyewe ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nzito, ya rangi ya kahawia, lebo ya dhahabu, na kifuniko kikifungwa kinatoa mlio mdogo wa kuridhisha. Ndani mlikuwa na kapsuli 60 zenye koenzaimu Q10, kanitini na asidi ya alfa-lipoiki. Shilingi 85,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba changu na baraza la kushonea ilikuwa chini ya hapo.

Zilinisaidia? Wiki za mwanzo niliona nguvu, naapa. Niliamka mapema, nilifagia uwanja nikiimba. Lakini mwezi uleule nilikuwa nimeacha kushona usiku kwa kibatari kwa sababu umeme ulikuwa umerudi, nikawa napata usingizi wa saa 7 badala ya saa 4. Na stavudini ilikuwa imenitoka mwilini kwa miaka miwili, kwa hiyo miguu ilikuwa tayari imeanza kupoa yenyewe: moto wa usiku ulikuwa umepungua hata kabla sijamjua yule mwenye kabrasha. Kipi kilifanya nini? Nilichagua kuamini kile nilichokilipia. Mtu akitoa 85,000 hataki kusikia kwamba kilichomsaidia ni usingizi.

Nilimeza miezi 14. Vidole vya miguu vilibaki vilevile. Siku moja nilipangusa makaa yaliyodondoka kutoka kwenye pasi ya mkaa kwa mguu, nikidhani nimevaa kiatu. Sikuwa nimevaa. Nilijua kwa harufu.

Ndipo nikaipeleka chupa kliniki. Nilitegemea yule kijana acheke, nami nilikuwa nimeandaa ukali wangu. Hakucheka. Aliisoma lebo yote, hata yale maandishi ya sisimizi, akaanza kunieleza kama tulivyofanya mara ile. Koenzaimu Q10 si uzushi, akasema. Iligunduliwa mwaka 1957 na Frederick Crane katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kutoka kwenye mitokondria za moyo wa ng'ombe. Bila hiyo kinu hakisagi. Lakini mwili huitengeneza wenyewe. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa hawawezi kuitengeneza, na hao wakiwahiwa na kupewa kwa kipimo kikubwa husaidika kweli. "Wewe si mmoja wao, mama. Stavudini haikukuibia koenzaimu. Ilikuibia maandishi."

Nikanyamaza. Kisha nikamjibu kwa lugha yangu: "Yaani mkanda wa cherehani umekatika, mimi nanunua uzi wa bei ghali."

"Ndiyo hivyo, mama."

Kanitini alisema ilijaribiwa kwa watu walioumizwa neva na dawa kama yangu, baadhi wakapata nafuu ya maumivu, ila ushahidi haukuwa wa kumfanya mtu auze mbuzi. Akaniambia pia kuhusu yuridini, kirutubisho kilichofikiriwa hasa kwa ajili ya watu wa stavudini, kurudisha mafuta ya usoni na miguuni. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2010 ulionyesha mafuta yakiongezeka kidogo kufikia wiki ya 24, na kufikia wiki ya 48 tofauti ikawa imeyeyuka. Hicho kilichofikiriwa kwa akili kabisa, kwa wagonjwa haswa, kilifika nusu ya njia. Changu kilikuwa kimefikiriwa kwa ajili ya kabrasha.

Jioni ile mwanangu, akiwa bado shule ya msingi, aliniona nimekaa na chupa tupu mezani akaniuliza zimegharimu ngapi. Akachukua kalamu, 85,000 mara 14. Akaniletea jibu kwa fahari ya mtoto aliyepata vema: 1,190,000. Mota ya kufunga kwenye cherehani, ile ya mtumba, ilikuwa inauzwa 110,000. Niliinunua mwezi uliofuata. Inaendeshwa kwa kukandamiza kidogo tu, nami nikaifundisha kisigino, ambacho kilikuwa bado kinasikia kidogo, kazi iliyokuwa ya vidole. Kati ya vitu vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya ugonjwa huu, mota ile ndiyo iliyonirudisha kazini.

Ungedhani nilikoma. Sikukoma. Niliacha chupa za bei ghali tu, nikahamia za bei rahisi, nikijiambia kwamba hizi hata zisiposaidia hazina madhara. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi, na watu wengi hawaniamini nikilisimulia.

Mwaka 2016 nilipewa dawa ya kukinga kifua kikuu, isoniazidi, ya miezi 6. Isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na B6 ikipungua huleta ganzi, kwa hiyo kliniki ilinipa B6 miligramu 25 kila siku. Sawasawa kabisa. Lakini nilikuwa pia nameza vidonge vya duka la dawa "vya mishipa", asubuhi na jioni, kwa sababu mtu wa dukani alisikia neno ganzi akanipa. Na kwenye uji nilikuwa nachanganya unga wa "kuongeza nguvu za seli" alioniletea shemeji kutoka Dar es Salaam.

Mwezi wa nne wa dozi ile ganzi ikarudi. Miguuni ilipanda ikapita vifundo, na mara hii ikaja mikononi. Hilo halijawahi kutokea hata wakati wa stavudini. Kutunga uzi kwenye sindano kulinishinda. Siku moja nilikuwa nashona gauni jeupe la komunyo, nikaona tone jekundu kwenye kitambaa, nikashangaa limetoka wapi. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha wangu ikatoka upande wa pili. Nilichomoa kidole, nikazima mota, nikakaa chini ya mwembe nikalia kwa sauti. Fundi asiyesikia miguu anaweza kununua mota. Asiyesikia vidole anunue nini?

Nikaongeza vidonge vya mishipa vikawa vitatu kwa siku. Ni akili gani hiyo? Ni akili ya mtu anayeogopa.

Yule mfamasia alikuwa bado yuko, sasa amenenepa na ana mtoto. Alinisikiliza akasema, "Kesho njoo na kila unachomeza, mama. Kila kitu. Hata cha kwenye uji." Nikaja na mfuko wa rambo. Alivipanga mezani akachukua karatasi. Lebo moja iliandika B6. Nyingine iliandika piridoksini. Ya tatu ilisema vitamini B mchanganyiko, na kiasi chake kimewekwa kwenye kijimstari pembeni. Piridoksini ndiyo B6. Ni mtu yuleyule na jina la ubatizo. Akajumlisha: vidonge vitatu vya mishipa 300, unga 50, kliniki 25. Miligramu 375 kwa siku. Mahitaji ya mtu mzima ni kama 1.3.

"Mama," akasema polepole, "B6 ikipungua huleta ganzi. Ikizidi sana kwa muda mrefu, huleta ganzi vilevile. Inaumiza neva zilezile."

Nilidhani ananitania. Kumbe jambo hilo linajulikana tangu mwaka 1983, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za watu 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku hadi wakashindwa kutembea sawasawa. Kipimo changu kilikuwa chini ya hapo, lakini neva zangu hazikuwa za mtu mzima wa afya. Zilikuwa zimeshapigwa mara moja. Marekani wanaweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo chake yenyewe hadi 12, na kwenye maduka yetu vidonge vya miligramu 100 au 200 bado vinauzwa kama pipi za kifua.

Tuliacha vyote isipokuwa ile 25 ya kliniki hadi dozi ya isoniazidi ilipokwisha. Alinionya kwamba ganzi inaweza kuzidi kwanza kabla ya kupungua, na namshukuru kwa onyo lile, kwa maana ilizidi kweli, wiki tatu nzima, na kama asingeniambia ningerudi dukani. Mwezi wa sita nilisikia tena ukingo wa tundu la kifungo kwa kidole gumba. Nilikaa nikilipapasa tundu lile kama kipofu. Mikono ilirudi karibu yote. Miguu ilirudi pale ilipoachwa na stavudini, haikuvuka hapo.

Tukio la tatu nitalisimulia haraka kwa sababu linaniaibisha. Mwaka 2019 nilihamishiwa kwenye kidonge kipya cha kufubaza virusi kiitwacho TLD, ambamo mna dolutegraviri. Kizuri sana, kimoja kwa siku, virusi vyangu vilikuwa chini ya kipimo. Ikaja Corona 2020, kila mtu akatafuta kinga: tangawizi, malimau, nyungu, na mimi vidonge vya zinki, magnesi, chuma na kalsiamu, vyote katika kimoja. Ili nisisahau, nilivimeza pamoja na TLD usiku, tumbo tupu. Kipimo kilichofuata virusi vilionekana: nakala 612. Sikuwa nimeruka hata dozi moja. Muuguzi aliniuliza mara tatu kama nina uhakika, na kila alivyouliza nilijisikia mwizi. Hadi alipouliza, "Na usiku unameza nini kingine?" Madini yale huishika dolutegraviri tumboni, ikapita bila kuingia kwenye damu. Inatakiwa dolutegraviri itangulie kwa saa 2, au ifuate saa 6 baada ya madini. Chuma na kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja nayo ikiwa umekula chakula. Niliachana na madini kabisa. Baada ya miezi mitatu virusi vilirudi chini ya kipimo.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu virutubisho vya mitokondria, nina haki ya kusema. Havikuwahi kunipa kitu ninachoweza kukuonyesha kwa kidole, na mara mbili vilikaribia kuninyang'anya nilichokuwa nacho. Sisemi hakuna anayehitaji. Mwenye upungufu uliopimwa apewe, hata mimi chuma nimewahi kuandikiwa damu iliposhuka, nikakimeza kwa saa zake. Ninachokataa ni ile njia ya mkato: kwa kuwa ugonjwa uko kwenye kinu, basi chochote kilichoandikwa kinu kwenye lebo ni tiba.

Aliyenifundisha cha kufanya alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo mwenye sauti kama ya mwalimu mkuu. Kwanza alinipiga marufuku ndala. Viatu vya kufunika, namba moja zaidi, na kabla ya kuvaa kung'uta, kwa sababu niliwahi kushinda mchana kutwa na kifungo cha koti ndani ya kiatu, nikatoka na kidonda. Usiku kioo kidogo chini ya unyayo, kutazama kile ambacho ngozi haisemi. Kisha akasema tembea. Nikamwambia miguu ndiyo mibovu. Akasema, "Vinu unavyosikia watu wakiviuza kwenye chupa, misuli huvijenga yenyewe ikifanyishwa kazi." Baadaye nilijua hilo lina mwenyewe: John Holloszy, wa St. Louis huko Marekani, mwaka 1967 aliwakimbiza panya kwa majuma 12, akakuta uwezo wa mitokondria kwenye misuli yao umekaribia kuongezeka mara mbili. Panya wale hawakupewa kapsuli.

Nilianza kwa robo saa. Sasa natoka Mji Mpya alfajiri naelekea Bigwa, milima ya Uluguru ikiwa bado imevaa wingu kichwani, fimbo mkononi kwa ajili ya mawe nisiyoyasikia. Mwanzo nilipumzika kila penye kivuli, wauza maandazi wakanizoea wakawa wananiwekea kigoda. Sasa kigoda napita nacho salamu tu. Kule kuchoka kwa mifupani nilikokuwa nako tangu 2008, kule kwa kuamka umechoka kabla ya kuchoka, kumeniachia. Ganzi haijaniachia. Inaishia pale soksi fupi inapoishia, na sidhani itahama.

Siku hizi ni mmoja wa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wanaowashauri wenzao, pale kliniki, meza ya pili ukiingia. Wiki iliyopita binti mmoja, mwaka wake wa kwanza wa dawa, mwenye afya kuliko mimi nilivyowahi kuwa, alikaa mbele yangu akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna ubaya kutumia "kitu cha seli". Nikamwambia akitoe. Vilikuwa vinne, kwenye mkoba mzuri. Nikavaa miwani, nikachukua karatasi, tukaanza kusoma: hiki piridoksini ngapi, hiki zinki ngapi, hiki unakimeza saa ngapi na TLD unameza saa ngapi. Cha tatu kilikuwa na lebo ya dhahabu. Kampuni nyingine, mchoro uleule.

"Hiki nilinunua laki moja na ishirini," akasema, akikishika kama yai.

Ile chupa yangu ya 2011 ninayo mpaka leo. Iko juu ya meza ya cherehani, natunzia vifungo vya mashati. Kifuniko chake hakijawahi kulegea.